Simba wa Tsavo Kizimbani: Filamu Ikiharibika, Nani Alaumiwe?

Imekuwa ni desturi yetu sisi wanafunzi wa fasihi, kila tunapoletewa kazi iliyoharibika, kumtafuta wa kumlaumu na papo hapo kumtetea mwandishi. Tamthiliya ikidorora jukwaani tunasema mwongozaji hakuielewa. Riwaya ikijaa makosa tunasema mhariri alisinzia. Na kitabu kikigeuzwa filamu kikawa kituko, basi hapo ndiyo kabisa: wenye fedha wamekiua. Mwandishi anatoka mahakamani msafi kama shuka la hotelini, na sisi tunamsindikiza kwa vigelegele kwa kuwa ni ndugu yetu wa damu.

Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo kwa kutumia kesi moja tu, ya filamu iitwayo The Ghost and the Darkness, iliyotolewa na studio ya Paramount ya Marekani mwaka 1996. Kuna watakaouliza kwa nini tuhangaike na filamu ya zamani ya Wamarekani. Jibu ni kwamba hadithi yenyewe ni ya huku kwetu, kwa maana inahusu ujenzi wa reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, kwenye ziwa hili hili letu, mwezi Desemba 1901. Isitoshe, wakubwa walioitengeneza wamekwisha kuelezana makosa hadharani, kwa hiyo ushahidi haukosekani. Si kila siku mhakiki anapata watuhumiwa wanaosema bila kuulizwa.

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Mwaka 1898 mhandisi wa Kiingereza, John Henry Patterson, anatumwa kujenga daraja la Mto Tsavo. Simba wawili wanaanza kuwala wafanyakazi. Kazi inasimama, watu wanakimbia, na mwishowe simba wanauawa. Mpaka hapo ni historia: simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huo, na Patterson mwenyewe aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Ngozi zao zilikaa miaka mingi nyumbani kwake kama mazulia kabla hazijauzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako wapo mpaka leo. Ila kwenye filamu anaongezeka mtu wa pili, mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, anayeigizwa na Michael Douglas. Patterson anaigizwa na Val Kilmer. Huyu Remington hakuwahi kuwepo duniani. Tumkumbuke, maana ndiye kiini cha shauri letu.

Filamu iligharimu takriban dola milioni 55, na huko Marekani ikaingiza chini ya milioni 40. Mhakiki maarufu wa Chicago, Roger Ebert, aliipa nusu nyota, yaani alama ambayo mwalimu humpa mwanafunzi kwa kuandika jina lake vizuri. Kilmer akateuliwa kwenye zile tuzo za dhihaka ziitwazo Razzie. Wa sauti peke yao ndio waliotoka kifua mbele, kwa kupata tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti, na kwa kweli ngurumo za wale simba si mchezo.

Sasa tuwasikilize watuhumiwa. Mwandishi wa muswada, William Goldman, ni mtu mzito: Oscar mbili, mojawapo kwa Butch Cassidy and the Sundance Kid ya mwaka 1969. Kisa cha Tsavo alikisikia alipotembelea Afrika mwaka 1984 na akakipenda mno. Katika kitabu chake cha mwaka 2000, Which Lie Did I Tell?, anaeleza kwamba alimuumba mwindaji awe mtu wa fumbo, asiyejulikana alikotoka. Douglas, aliyekuwa pia mmoja wa wakubwa wa utayarishaji, alipoamua kuiigiza nafasi hiyo mwenyewe, ikabidi mwindaji apewe historia: tunaelezwa habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na familia aliyoipoteza. Fumbo likafumbuka, na kwa maoni ya Goldman filamu ikaharibika hapo. Naye mwongozaji, Stephen Hopkins, aliwahi kuieleza kazi ya kuipiga picha kama balaa la miezi kadhaa ya mvua, radi, mafuriko, kuumwa na nyoka na nge, hata vifo miongoni mwa wafanyakazi. Matokeo yake aliyaona ni vurugu tupu, kiasi kwamba hakuweza hata kuyatazama.

Hoja ya mwongozaji naiweka kando haraka. Mvua huchelewesha kazi, na watu waliofariki wanastahili heshima yetu, lakini mvua haiandiki mandhari ya ndoto. Kuna sehemu mke wa Patterson anashuka kwenye treni na mtoto mchanga, simba anawarukia, halafu kumbe Patterson alikuwa amelala. Hiyo ni mbinu ya kitoto, na ingekuwa ya kitoto hata kama jua lingewaka mwezi mzima. Vilevile siwezi kusimama muda mrefu kwenye suala la manyoya. Simba wa Tsavo waliouawa hawakuwa na manyoya ya shingoni, wale wa kwenye filamu wanayo tele. Wasomi wengi wanalishupalia kosa hilo, lakini hakuna mtazamaji aliyetoka ukumbini kwa sababu simba alikuwa na nywele nyingi. Hata kwamba picha ilipigwa Songimvelo, Afrika Kusini, badala ya Kenya, inavyoelezwa kwa sababu za kodi, ni jambo la kuwauma Wakenya zaidi kuliko kuiua filamu.

Hoja ya Goldman ndiyo nzito, nayo nilipata kuisikia kwa namna nyingine kabla sijakijua kitabu chake. Filamu hii niliiona katika kibanda umiza kimoja kule Mabatini, Mwanza, kiingilio shilingi mia tatu, na watazamaji pale hawana subira na wahakiki. Remington alipouawa na simba, kikazuka kizaazaa. Nusu ya kibanda wakasema picha imekwisha kwa kuwa stelingi amekufa, na tangu lini stelingi akafa? Nusu nyingine wakawaambia hawajui kuangalia picha, stelingi ni yule mhandisi tangu mwanzo. Ubishi ukaendelea mpaka simba wa pili akawa anakufa bila mtu kumwangalia. Mwenye kibanda akatishia kuzima.

Wanafunzi wenzangu wanaweza kucheka, lakini ule ubishi ni uhakiki wa muundo, tena uhakiki safi. Kazi ya masimulizi ambayo watazamaji wake, wakiwa wameifuata kwa makini kwa saa moja na nusu, hawakubaliani mhusika mkuu ni nani, ina tatizo la uti wa mgongo. Kwa nusu nzima tumemfuata Patterson: tumeiona hofu yake, kiburi chake, ugomvi wake na wafanyakazi. Anaingia Remington na Patterson anageuka msaidizi. Kisha Remington anakufa na Patterson anarudishiwa filamu kama mtu anayerudishiwa baiskeli aliyoazimwa, pancha zote mbili.

Je, hilo ni kosa la Douglas? Goldman angependa tuseme ndiyo. Lakini hebu tujiulize swali ambalo kitabu chake kinalipita pembeni: nani alimleta Remington Tsavo? Douglas alimpa historia, sawa. Alimpa ukubwa, sawa. Aliyemuumba ni Goldman. Hata kama Remington angebaki mtu wa fumbo kama alivyokusudiwa, bado angekuwa mgeni anayeingia katikati ya hadithi kuja kufanya kazi ambayo mwenye hadithi ameshindwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye mbegu, na Douglas aliumwagilia maji tu.

Najua nitajibiwa kwamba msanii ana uhuru wa kubuni, na kwamba kweli ya kisanaa si kweli ya kihistoria. Nakubali, tumefundishwa hivyo na ni sahihi. Hoja yangu ni kuwa huyu mhusika alibuniwa na akaiua kazi. Angalieni namna anavyoingia. Kabla yake, mgogoro uliokuwa unaiendesha filamu ulikuwa kati ya Patterson na Abdullah, kiongozi wa wafanyakazi wa Kihindi, anayeigizwa na Om Puri kwa ustadi mkubwa. Abdullah anasema jambo la maana kabisa: watu wake wanakufa, na mzungu anayewaamuru hana jibu. Mgogoro umefikia kileleni, wamekabiliana ana kwa ana, ndipo Remington anajitokeza na kumnyamazisha Abdullah kwa silaha. Kuanzia hapo mgogoro wa watu na watu umekufa, tumebaki na wanaume wawili wenye bunduki na wanyama wawili. Ndiyo maana nusu ya pili inachosha. Simba ni wa kutisha, lakini simba hana hoja, na huwezi kujenga tamthiliya na mtu asiye na hoja.

Na hayo aliyoyatupa mwandishi yalikuwa mezani, kwenye kitabu cha Patterson mwenyewe. Kitabu kile ni cha mkoloni, kimejaa majivuno, lakini hakikuweza kuificha hali halisi. Kinasimulia kwamba wafanyakazi walijilaza relini mbele ya treni ili isimame, wakaipanda na kuondoka zao, na ujenzi ukasimama kwa takriban wiki tatu. Filamu inatuonyesha wakiondoka, lakini kama kundi la waoga. Msomaji mwenye macho ya kitabaka ataona kitu kingine: mgomo. Watu walioletwa kwa mikataba kutoka Bara Hindi, wakilala kwenye mahema, wanaamua kwamba mkataba haukutaja kuliwa. Hapo pana tamthiliya nzima ambayo haijaandikwa.

Hebu tuweke na hesabu. Wahindi walioletwa kuijenga reli ile walikuwa karibu 32,000. Waliokufa katika ujenzi mzima ni 2,493 kwa hesabu inayotajwa na wanahistoria, wengi wao kwa magonjwa na ajali. Hesabu ya Wahindi walioliwa na simba wa Tsavo ni 28. Waafrika waliouawa pamoja nao hawakuhesabiwa ipasavyo. Patterson baadaye alidai jumla ya watu 135. Wanasayansi walioichunguza mifupa na manyoya ya simba hao wakatoa mwaka 2009 makadirio ya watu kama 35. Yaani katika kila Wahindi mia moja waliokufa kwa ajili ya reli kufika ziwani, simba walimla mmoja hivi. Hao wengine waliliwa na reli yenyewe. Sisemi filamu ingepaswa kuwa hotuba ya takwimu. Nasema mwandishi aliyeliona lile bonde la vifo na akaona upungufu wake mkubwa ni kukosekana kwa mwindaji wa Kimarekani, hawezi kuja miaka minne baadaye akasema kaharibiwa kazi.

Lakini kwa nini alimwona anahitajika? Hapa sasa ndipo tunawafikia wenye fedha, na sina nia ya kuwaachia. Studio kubwa haitoi dola milioni 55 kwa ajili ya Mhindi wa mkataba. Inataka majina, na majina huja na matakwa yao. Mwandishi mzoefu kama Goldman analijua hilo kabla hajashika kalamu, kwa hiyo anatengeneza kabisa kiti kwa ajili ya staa, kisha staa akija na kukikalia kwa makalio makubwa kuliko alivyotarajia, analalamika. Ndiyo maana nasema kosa la studio na kosa la mwandishi ni kosa moja lililotendwa na watu wawili: mmoja kwa hundi, mwingine kwa kalamu iliyokwisha kuitii hundi kabla haijaandikwa.

Linganisha na filamu nyingine ya simba hao hao, Bwana Devil ya mwaka 1952. Ile aliiandika, akaitayarisha na akaiongoza mtu mmoja, Arch Oboler, tena sehemu kubwa aliipigia California. Wahakiki waliiponda vibaya. Lakini ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya kutazamwa kwa miwani maalumu, simba wanaonekana kama wanakurukia kwenye kiti, na watu wakajaa majumbani mwa sinema. Imeingiza fedha, basi hakuna aliyesimama kuuliza nani alaumiwe. Tunajifunza nini? Kwamba mjadala wa lawama katika biashara hii hauanzi kazi inapokuwa mbovu. Unaanza kazi inapokula hasara. Ubovu wenyewe hauna mlalamikaji, isipokuwa sisi tunaokaa vibandani na vyuoni.

Hapa kwetu biashara imekuwa ikitufanyia hivyo hivyo kwa bei nafuu. Wakati filamu za Bongo zilipokuwa zikiuzwa kwa diski, kisa cha saa moja kilivutwa mpaka kikawa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kwa sababu soko la wasambazaji lilitaka kuuza mara mbili. Mhusika anafungua geti, anatembea, anafunga geti, anakaa, simu inalia, anaiangalia. Sisi tukawacheka waigizaji kwamba hawajui kuigiza. Ni nani angeigiza vizuri geti?

Kuna jambo la mwisho ambalo naona wakubwa wale wa Paramount hawakuligusa kabisa katika kulaumiana kwao, nalo ni la sauti. Filamu inasimuliwa na Mwafrika, Samuel, anayeigizwa na John Kani, mmoja wa waigizaji wakubwa wa tamthiliya barani. Mwanzoni kabisa ndiye anayetuapia kwamba hata yale yasiyoaminika yalitokea kweli. Yaani uongo wa Remington, uliotungwa na Mmarekani kwa ajili ya fedha za Wamarekani, umewekewa kiapo na mdomo wa Mwafrika. Samuel anafahamu kila kitu kuhusu wazungu wawili na hatuambiwi chochote kumhusu yeye. Ni shahidi aliyeitwa mahakamani kusoma maelezo yaliyoandikwa na polisi.

Sisi watu wa Mwanza tunapaswa kuliona hilo kwa wepesi zaidi, maana tumewahi kuonja lawama ya filamu inavyogawiwa. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, haikuwa ya studio kubwa wala si filamu ya kubuni, ilihusu sangara na umaskini wa jiji hili. Inaweza kujadiliwa kama ni nzuri au mbaya, na watu wamejadili. Rais Kikwete aliikemea mwaka 2006, yakafuata maandamano Mwanza. Mwongozaji alikuwa Ulaya. Aliyekamatwa mwaka huo ni mwandishi wa habari wa hapa hapa, aliyeonekana kwenye filamu akijibu maswali. Fedha na mamlaka ya kuhariri vilikuwa mbali, mdomo uliotumika ulikuwa karibu, basi mdomo ndio ulioshikwa. Mhakiki anayemlaumu mwigizaji kwa sababu sura yake ndiyo iliyo kwenye kioo anafanya kazi ileile ya polisi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Kilmer na Razzie yake aende nyumbani. Hopkins aende nyumbani akakauke nguo, japo ile ndoto ya treni abaki nayo. Douglas ana kosa la uchu, na mtayarishaji anayejipa nafasi nono mwenyewe hastahili kuonewa huruma. Lakini mshtakiwa wa kwanza ni Goldman, pamoja na studio iliyomfundisha nani anaweza kuwa stelingi na nani anaweza kuwa chakula. Kichekesho ni kwamba muswada wake mwenyewe unalijua jambo hili. Mtu mwovu kuliko wote ndani ya filamu, ukiwaacha simba, ni Beaumont, bosi wa reli anayeigizwa na Tom Wilkinson: hajali nani anakufa, anachotaka ni daraja liishe kwa wakati na jina lake lipande. Mwandishi alimtambua vizuri sana mwenye mradi alipokuwa wa Kiingereza na wa mwaka 1898.

Katika kitabu cha Patterson, mmoja wa watu wa mwanzo kuburutwa kutoka hemani ni jemadari wa Kisingasinga, jina lake Ungan Singh. Patterson alifuata damu yake asubuhi na akayaandika aliyoyaona, na kurasa zile ndizo za kweli kuliko zote alizoandika. Kwenye filamu kifo kinachofanana na hicho kimepewa mhusika mwingine, Mahina, jina ambalo kitabuni ni la mbeba bunduki wa Patterson, aliyekuwa pamoja naye usiku wa kuwindwa simba wa pili na hakuliwa na simba yeyote. Usiku ule Remington hakuwepo. Kuhusu Ungan Singh, nimeangalia orodha ya wahusika mwishoni mwa filamu mpaka kioo kikawa cheusi. Hayumo.